Majira ya Kubadilisha Chungu cha Azalea

Azalea ya satsuki inayokuzwa kama bonsai hubadilishiwa udongo kila baada ya miaka miwili hadi mitano, na kila mara sehemu ya mizizi yake hukatwa. Mti wenye afya huvumilia kukatwa huko. Kinachouangusha ni kukatwa wakati ambao hauwezi kuotesha mizizi mingine upesi, huku majani yakiendelea kudai maji. Nchini Japani, nyumbani kwa satsuki, kazi hii hufanywa zaidi katika vipindi viwili: karibu mwezi Machi, kabla ya machipukizi kutokeza, na mwezi Juni, mara baada ya maua. Vipindi vyote viwili hufaa, lakini kila kimoja kina gharama yake. Cha Machi hugharimu maua ya mwaka huo. Cha Juni hupunguza muda wa mti kujijenga kabla ya joto kali na kabla ya kutunga maua ya mwaka unaofuata. Kuchagua majira, basi, ni kuamua ni gharama ipi mti husika unaweza kuimudu.

Satsuki zimetokana na Rhododendron indicum, mmea wa asili wa Japani unaoota kwenye miamba ya kingo za mito, pamoja na mahuluti yake. Zimekuzwa bustanini kwa muda mrefu: mwaka 1692 Ito Ihei, muuza miche wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, alitoa kitabu cha juzuu tano kiitwacho Kinshu Makura, chenye maelezo ya mamia ya aina za azalea. Miongoni mwa zinazopendwa katika bonsai leo ni Osakazuki, Kozan, Nikko, Gyoten na Kinsai, ambayo petali zake ni vipande vyembamba vilivyoachana. Msonobari wa bonsai hutazamwa kwa umbo lake mwaka mzima, lakini satsuki hungojewa kwa wiki chache za maua. Kwa sababu hiyo suala la majira, ambalo kwa miti mingine ni jepesi, kwa satsuki huzua mvutano kati ya afya ya mizizi na maua.

Mizizi na majani

Mizizi ya azalea ni myembamba mno na huota karibu na uso wa udongo. Haina vile vinyweleo ambavyo mimea mingi hutumia kunyonya maji. Badala yake huishi kwa ushirika na kuvu wa udongoni, ambao huingia ndani ya seli za mizizi na kuisaidia kupata naitrojeni na fosforasi katika udongo wenye asidi. Ndani ya chungu, mizizi hiyo husukana hadi udongo wote ukawa bonge moja gumu. Bonge la namna hiyo likikauka hadi kiini, maji huteleza pembeni na kutoka chini bila kuingia katikati. Likilowa kupita kiasi, hewa hukosekana na mizizi huoza.

Wembamba huo una faida pia. Mizizi ya azalea huchipua upya kwa urahisi karibu popote ilipokatwa, na ndiyo maana wakulima hawaoni shida kulikata bonge kwa msumeno sehemu ya chini. Lakini ili ichipue, mambo matatu huhitajika pamoja: joto la wastani udongoni, hewa ya kutosha kati ya chembe za udongo, na akiba ya wanga iliyowekwa na majani ya msimu uliopita. Majira mema ni yale yanayokutanisha hayo matatu.

Upande wa juu wa mti nao una tabia yake. Satsuki haipukutishi majani yote. Ina majani ya aina mbili: makubwa yanayotoka mwanzoni mwa msimu, ambayo huanguka mwaka unapoelekea mwisho, na madogo mazito yanayotoka kiangazi, ambayo hubaki katika majira yote ya baridi. Kwa hiyo, hata mizizi inapokuwa imelala, mti huendelea kupoteza maji kidogo kidogo. Mtunzaji aliyezoea miti inayobaki mitupu wakati wa baridi hawezi kuhamishia kanuni zake kwa azalea moja kwa moja.

Mwaka wa satsuki

Mpangilio wa mwaka huonekana vizuri katika uwanda wa Kanto, na hasa mkoani Tochigi, kaskazini mwa Tokyo, ambako mji wa Kanuma umekuwa kitovu cha biashara ya satsuki. Usiku wa Januari na Februari huwa chini ya nyuzi sifuri. Mwezi Machi udongo huanza kupata joto, na mizizi huamka kabla ya machipukizi kuonekana. Aprili vichipukizi hutokeza. Mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni maua hufunguka, na maonyesho hufanyika Kanuma na katika bustani ya Ueno jijini Tokyo. Kisha huja majira ya mvua, kuanzia mwanzoni mwa Juni hadi Julai, yenye mawingu, hewa nzito ya unyevu na joto la wastani. Yakiisha, joto hupanda ghafla, na baadhi ya siku huvuka nyuzi 35. Kati ya Julai na Agosti, kwenye ncha za vichipukizi vipya, mti hutunga matumba yatakayofunguka mwaka unaofuata. Septemba hali ya hewa hutulia na mizizi hukua tena kwa muda, hadi baridi iusimamishe mti.

Matumba, basi, hukaa mtini kwa muda wa miezi tisa au kumi kabla ya kufunguka. Yeyote anayegusa mizizi ndani ya miezi hiyo anagusa pia maua ambayo tayari yametungwa. Dirisha pekee ambalo mti hauna maua wala matumba ni lile fupi kati ya mwisho wa maua na katikati ya kiangazi.

Machi: kabla ya machipukizi

Dalili ya kuanza ni mti wenyewe. Macho ya majani huvimba na kuonyesha kijani lakini yakawa hayajafunguka, na sakitu kali za usiku zikawa zimepita au chungu kina mahali pa kukingwa. Wakati huo majani ni machache, hewa ni baridi, na mahitaji ya maji ni madogo kuliko majira mengine yoyote ya ukuaji. Akiba ya wanga iko kamili kwa kuwa bado haijatumiwa na machipukizi. Mbele yake mti una zaidi ya miezi sita ya kujaza chungu kwa mizizi mipya. Kwa sababu hizo, kazi nzito kuliko zote hupangwa Machi: kuondoa udongo wa zamani hadi karibu na shina, kukata bonge kwa nusu ya kimo chake, au kuutoa mti shambani na kuuweka chunguni kwa mara ya kwanza.

Gharama yake ni maua. Petali hupoteza maji mengi, na kufunguka kwake hula akiba ambayo mizizi inaihitaji. Mti uliokatwa mizizi Machi kisha ukaachwa uchanue hulipa mara mbili, na mara nyingi hulipa kwa matawi membamba yanayokauka katikati ya kiangazi. Kanuni ya kawaida ni kuyaondoa matumba yote kwa mkono siku ileile ya kubadilisha chungu, au kubakiza machache sana kwa ajili ya kutambua aina ya ua.

Gharama hiyo ni ndogo kwa miti fulani. Mche unaojengwa bado hauhitaji maua. Unahitaji shina na matawi. Mti ambao mizizi yake imeanza kuharibika hauna nguvu ya kuchanua vizuri hata ukiachwa. Tena, watunzaji wengi wa satsuki za maonyesho huupa mti mwaka wa mapumziko kila baada ya muda, kwa kuondoa matumba yote ili nguvu irudi. Mwaka huo ndio mwafaka zaidi kwa kazi nzito ya mizizi, kwa sababu maua yamekwisha kusamehewa kabla msumeno haujashikwa.

Kukata matawi makubwa mara nyingi huunganishwa na kazi ya Machi, kwani azalea huchipua hata kwenye shina kuukuu. Mti wenye nguvu huweza kuyabeba yote mawili katika mwaka mmoja, na kupungua kwa majani hupunguza pia kiu. Mti dhaifu hupewa kazi moja kwa mwaka, na mizizi hutangulia. Jambo la kuangaliwa ni kwamba azalea, tofauti na miti mingi, hukua kwa nguvu zaidi chini kuliko juu. Baada ya mizizi kukatwa, machipukizi ya shinani huweza kuchukua chakula chote na kukiacha kilele kikidhoofika, kwa hiyo huondolewa mapema.

Juni: baada ya maua

Kipindi cha pili kinawafaa wale ambao hawataki kukosa maua hata mwaka mmoja. Kazi huanza kwa kuondoa maua yote kabla hayajanyauka yenyewe. Kila ua hung'olewa pamoja na ovari yake, kwa sababu ikibaki hutunga mbegu, na mbegu hunyonya nguvu kuliko petali. Matawi hupogolewa na vichipukizi hupunguzwa hadi viwili kila kifundo. Baada ya hapo mti hutolewa chunguni.

Kinachokifanya kipindi hiki kiwezekane Kanto ni mvua. Mawingu na unyevu wa hewa hupunguza upotevu wa maji majanini, na joto la wastani huifanya mizizi ichipue haraka kuliko Machi. Hata hivyo, mti umetoka kutumia akiba yake kwa maua, na joto kali liko wiki chache mbele. Ukataji kwa hiyo hupunguzwa: theluthi moja ya bonge hutosha, ikitolewa zaidi chini na pembeni, na kiini karibu na shina huachwa bila kuguswa.

Ndani ya kipindi hiki siku zina uzito. Kazi ikifanywa wiki ya kwanza au ya pili ya Juni, mizizi hupata mwezi mzima wa unyevu kabla ya joto, na vichipukizi hupata muda wa kukomaa na kutunga matumba. Ikisogezwa hadi Julai, mambo mawili huharibika kwa pamoja: mizizi mibichi hukutana na jua kali, na vichipukizi vilivyochelewa hushindwa kutunga matumba, hivyo maua ya mwaka unaofuata hupungua. Mtunzaji aliyeahirisha kubadilisha chungu ili kulinda maua hujikuta ameyapoteza ya mwaka ujao. Ndiyo sababu wanaopanga kubadilisha chungu Juni hukatisha maua mapema, hata kama mti ungeweza kupendeza kwa siku kadhaa zaidi.

Mapukutiko na baridi

Mwezi Septemba mizizi hukua tena, na baadhi ya watunzaji wa maeneo yenye joto, kama kisiwa cha Kyushu, hutumia nafasi hiyo. Kazi inayofaa ni nyepesi tu: kuhamishia bonge zima kwenye chungu kikubwa zaidi na kujaza udongo mpya pembeni. Matumba yamekwisha tungwa na hubaki salama mizizi isipoguswa sana. Ukataji mzito haufai, kwa kuwa majeraha yanahitaji wiki kadhaa za joto kupona, na yasipopona kabla ya sakitu huwa mlango wa kuoza.

Kuanzia Desemba hadi Februari chungu hakibadilishwi ila kwa dharura. Chungu kikipasuka, bonge huingizwa katika chungu kingine bila kukata mzizi hata mmoja, na mti huwekwa mahali pasipofika barafu hadi Machi. Udongo ukinuka uozo, maji yakawa hayashuki na majani yakaanza kuanguka, kungoja majira mazuri kunaweza kuwa hatari kuliko kukosea majira. Hapo huondolewa mizizi iliyooza tu, matumba hutolewa yote, na mti hukingwa dhidi ya jua na upepo.

Dalili za mwaka unaofaa

Kabla ya kuchagua mwezi, mtunzaji huchagua mwaka. Mti mchanga hujaza chungu ndani ya miaka miwili. Mti mzee hukaa mitatu hadi mitano. Dalili kuu ni mwendo wa maji: yakimwagwa, hutuama juu kabla ya kushuka. Nyingine ni bonge kuinuka juu ya ukingo wa chungu na vichipukizi kuwa vifupi mwaka hadi mwaka. Majani ya njano yenye mishipa ya kijani huweza kuashiria udongo uliochoka, lakini huletwa pia na maji yenye chokaa, ambayo hupunguza asidi ya udongo na kuuzuia mti kupata madini ya chuma. Kubadilisha chungu hakuondoi tatizo hilo ikiwa maji ni yaleyale.

Udongo nao una ratiba yake. Satsuki nyingi za Japani hupandwa katika kanuma, chembe laini za manjano zilizotokana na mlipuko wa volkeno ya Mlima Akagi miaka ipatayo 45,000 iliyopita. Kanuma ina asidi ya kiasi, hushika maji na bado huacha hewa ipite. Hukolea rangi ikilowa na kupauka ikikauka, jambo linalomsaidia mtunzaji kujua lini amwagilie. Udhaifu wake ni ulaini. Kuganda na kuyeyuka kwa barafu huzivunja chembe zake mwaka baada ya mwaka hadi zikawa tope linaloziba hewa. Kwenye maeneo ya baridi kali, basi, udongo huchoka kabla mizizi haijajaza chungu. Kabla ya kutumiwa, kanuma huchekechwa ili vumbi lake litoke.

Nje ya Japani

Miezi ya Kanto haihamishiki pamoja na mti. Sababu zake ndizo zinazohamishika. Kaskazini magharibi mwa Ulaya kiangazi si kikali, hivyo Juni haina hatari ya joto la Tokyo, lakini pia haina mvua mfululizo. Kivuli na kunyunyizia majani hushika nafasi ya mawingu. Sakitu za usiku huko huweza kuendelea hadi Aprili au Mei, kwa hiyo mti uliokatwa mizizi mapema huhitaji banda la vioo lisilopashwa moto. Kwenye nchi ambazo Juni tayari ni ya jua kali na hewa kavu, kama zile za ukanda wa Mediterania, kipindi cha baada ya maua huachwa, na kazi yote hufanywa kabla ya machipukizi. Kusini mwa Afrika na Australia miezi hugeuka: Machi ya Japani ni Septemba yao.

Azalea zinazouzwa madukani zikiwa zimechanua katikati ya baridi ni jambo jingine. Nyingi ni za Rhododendron simsii, zao linaloupa umaarufu mji wa Ghent nchini Ubelgiji, na maua yake yamewahishwa kwa kupozwa kisha kuwekwa katika joto. Mti wa namna hiyo hubadilishiwa chungu maua yakiisha, mara hali ya hewa inaporuhusu kuutoa nje.

Karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza mti, na urefu wa siku hauelekei kubadilika. Kalenda ya Japani haisaidii kitu hapo. Mtunzaji wa nyanda za juu za Kenya au Tanzania hutazama mambo mawili: mti umalize wimbi la maua na uwe haujafungua machipukizi mapya, na mvua iwe imeanza. Mwanzo wa masika au wa vuli hufanya kazi ya majira ya mvua ya Kanto. Ukavu wa Januari na Februari huepukwa. Udongo mwekundu unaostawisha chai Kericho, Limuru au milima ya Usambara una asidi ambayo azalea huipenda, lakini ni mfinyanzi na huziba ukiwekwa chunguni peke yake. Jiwe-povu la volkeno linalopatikana Bonde la Ufa huingiza hewa, na kwa kuwa lenyewe halina asidi ya kutosha, huchanganywa na maganda ya msonobari yaliyooza. Kwenye mwambao, ambako joto halipoi hata usiku, hakuna uchaguzi wa majira unaoweza kuifidia satsuki ubaridi inaouhitaji.

Matunzo kulingana na majira

Kazi ya siku yenyewe haibadiliki sana. Bonge hufungwa chunguni kwa waya ili lisitikisike, udongo mpya hujazwa kati ya mizizi kwa kijiti, na maji humwagwa hadi yatoke safi. Kuvumwani iliyokatwakatwa hutandazwa juu ili mizizi ya usoni isikauke. Maji ya mvua ndiyo bora. Mbolea husimama kwa wiki nne hadi sita, kwa sababu chumvi zake huunguza mizizi mibichi.

Yanayotofautiana ni ulinzi. Mti wa Machi hukingwa dhidi ya sakitu na upepo mkavu kwa mwezi mmoja, kisha hurudishwa juani polepole. Mti wa Juni huwekwa mahali penye hewa na mwanga hafifu, na baada ya mvua kuisha hufunikwa kwa wavu wa kivuli saa za mchana hadi joto lipungue. Mti wa Septemba haurudi kwenye baraza la wazi hadi baridi ipite. Kwa wote, kumwagilia kupita kiasi ni kosa la kawaida: mizizi iliyopungua haimalizi maji kwa kasi ya zamani, na udongo unaokaa umelowa muda wote huinyima hewa. Mtunzaji hungoja rangi ya kanuma ianze kupauka juu ndipo amwagilie tena.

Mizizi imeshika pale ambapo vichipukizi vinarefuka na udongo unaanza kukauka haraka kila siku. Mbolea hafifu hurejeshwa kuanzia hapo. Mti ukifika hatua hiyo kabla ya matumba kutungwa, maua ya mwaka unaofuata hayako hatarini. Usipofika, matumba machache yatakayotokea huondolewa, na mwaka mmoja zaidi hutolewa kwa mizizi.